Darasa Moja, Ujira Mbalimbali: Historia ya Kupima Chuo kwa Mshahara wa Mhitimu

Kila msimu wa udahili unapokaribia, wazazi huniuliza swali lilelile: mtoto akihitimu pale, atalipwa kiasi gani? Ni swali halali. Mzazi aliyeuza ng'ombe ama kiwanja ili alipe ada ya chuo binafsi cha uhandisi hawezi kuridhishwa na hotuba kwamba elimu ni pambo la akili. Anataka kujua kama fedha yake itarudi. Vyuo navyo vimelitambua hilo, na ndiyo maana mabango yao siku hizi hayataji tena maktaba wala wahadhiri, yanataja ajira.

Swali hilo, hata hivyo, lina historia yake, na historia hiyo inasomeka vizuri zaidi katika chuo kimoja binafsi cha ufundi ambacho kila mtu hapa kwetu hukitolea mfano: Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yaani MIT. Mwezi Septemba 2015 serikali ya Rais Obama ilifungua hazina ya takwimu za vyuo vya Marekani, ambamo kila chuo kilitajwa pamoja na kipato cha watu waliowahi kusoma pale. Kwa MIT takwimu ilikuwa dola 91,600 kwa mwaka, miaka 10 baada ya mwanafunzi kuanza masomo. Ilikuwa miongoni mwa takwimu za juu kabisa nchini humo, juu ya Harvard yenyewe. Vyombo vya habari vilishangilia, na tangu hapo takwimu za namna hiyo zimekuwa zikinukuliwa hata katika semina zetu za Dodoma na Dar es Salaam kama ushahidi kwamba chuo bora ni kile ambacho wahitimu wake wanalipwa vizuri.

Nimeisoma historia ya chuo hicho kwa miaka kadhaa sasa, na naona kwamba takwimu hiyo inatueleza mambo machache sana kuhusu chuo na mengi sana kuhusu watu walioingia, na kuhusu milango iliyokuwa wazi au imefungwa walipotoka. Ili nieleweke, inabidi nianzie mbali.

MIT ilipewa hati yake na jimbo la Massachusetts tarehe 10 Aprili 1861. Siku mbili baadaye mizinga ililia Fort Sumter na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, kwa hiyo chuo kilikaa kwenye karatasi hadi 1865, kilipofungua masomo kwa wanafunzi 15 katika vyumba vya kupanga mjini Boston. Mwanzilishi wake, William Barton Rogers, alikuwa mwanajiolojia aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Virginia. Alihubiri kwamba fundi na mwanasayansi wafundishwe chini ya paa moja, mkono na akili pamoja, na wazo hilo lilikuwa kubwa kwa wakati wake. Lakini utafiti ulioongozwa na mwanahistoria Craig Steven Wilder wa MIT yenyewe, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa sensa ya 1850 ilimwandika Rogers huko Virginia akiwa mmiliki wa watumwa sita.

Tunakiita chuo binafsi, nami nitaendelea kukiita hivyo, kwa sharti kwamba msomaji akumbuke fedha zake za mwanzo zilitoka wapi. Jimbo lilikipa kiwanja katika eneo la Back Bay, Boston. Kisha ikaja Sheria ya Morrill ya 1862, iliyogawa ardhi ya umma ya magharibi kwa majimbo ili wayageuze mapato yake kuwa elimu ya kilimo na ufundi: ekari 30,000 kwa kila mbunge na kila seneta. Massachusetts, yenye maseneta wawili na wabunge 10, ilipata hati za ekari 360,000. Haikuwa na ardhi ya umma ndani ya mipaka yake, hivyo hati zake zilikuwa za ardhi ya mbali, ambayo kwa sehemu kubwa ilitwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa bara lile. Sehemu saba kati ya kumi za mapato zilikwenda chuo cha kilimo cha jimbo, na sehemu tatu zikaenda kwa MIT. Nataja hili mapema kwa sababu watu wengi wanapolinganisha vyuo binafsi na vyuo vya umma kwa mishahara ya wahitimu, hudhani kwamba upande mmoja ulijijenga kwa jasho lake na mwingine ulibebwa.

Katika miongo yake ya kwanza chuo hakikupima wahitimu kwa mshahara. Kilichapisha orodha: jina, kazi, mahali. Huyu ni mhandisi wa reli, yule ni mkemia wa kiwanda, mwingine yuko mgodini magharibi. Ukizisoma orodha hizo unaiona nchi ikijengwa, mstari kwa mstari, na unaona pia kwamba swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa mhitimu anafanya nini na yuko wapi.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu aliyekiongoza chuo katika miaka ile, kama kuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kukipima kwa fedha, basi ni yeye. Francis Amasa Walker, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa mkuu wa MIT kuanzia 1881 hadi kifo chake mwaka 1897. Kabla ya hapo alisimamia sensa ya Marekani ya 1870 na ile ya 1880, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima kuhusu suala la ujira. Wachumi wengi wa zama zake waliamini kwamba mishahara hulipwa kutoka katika fungu maalumu la mtaji lililokwisha kuwekwa, hivyo mfanyakazi mmoja akiongezewa mwingine hupunguziwa. Walker aliikataa nadharia hiyo. Alisema mishahara hutoka katika kile kinachozalishwa. Aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha makala hii: kwamba ushindani wa soko la kazi si kamili, na mfanyakazi asiyeweza kuhama kwenda penye kazi nzuri hulipwa chini ya thamani ya kazi yake. (Walker huyohuyo alikuwa na maoni ya kusikitisha kuhusu wahamiaji kutoka kusini na mashariki ya Ulaya, na aliwahi kuwa kamishna wa serikali wa mambo ya wenyeji wa asili. Usomi wa takwimu haumtakasi mtu.)

Sasa tuwatazame baadhi ya wahitimu wenyewe.

Wa kwanza ni mwanamke. Ellen Swallow alikuja MIT mwaka 1870 akiwa tayari na shahada ya Vassar. Chuo kilimpokea kama mwanafunzi maalumu na hakikumtoza ada. Jambo hilo linaweza kuonekana kama ukarimu mpaka ujue sababu yake: asiyelipa ada si mwanafunzi rasmi, na mkuu wa chuo angeweza kukana kwamba kuna mwanamke darasani. Mwaka 1873 alipata shahada ya kemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu pale. Akaolewa na Robert Richards, profesa wa madini, na kuanzia 1876 akaendesha maabara ya wanawake katika chuo hicho, akifundisha bila malipo. Mwaka 1884 ndipo alipoajiriwa kuwa mkufunzi wa kemia ya afya. Mwaka 1887 bodi ya afya ya jimbo ilianzisha uchunguzi mkubwa wa maji ya mito na visima, na kazi ya maabara, sampuli kwa maelfu, ilipita mikononi mwake. Watu wa Massachusetts walikunywa maji salama kwa sababu ya kazi ya mhitimu ambaye, ukimpima miaka 10 baada ya kuanza masomo kama wanavyofanya leo, yaani mwaka 1880, kipato chake cha ualimu kilikuwa sifuri.

Sifuri ile haikutokana na udhaifu wa masomo yake. Alikuwa na shahada ileile, ya maabara zilezile, iliyotiwa saini na watu walewale kama ya wenzake wa kiume. Soko ndilo lililokuwa halina nafasi ya kumlipa.

Nije kwa wahitimu watatu waliopita chini ya Walker katika kipindi kisichozidi miaka mitano. Pierre du Pont alihitimu kemia mwaka 1890. Robert Robinson Taylor alihitimu usanifu majengo mwaka 1892. Alfred Sloan alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1895. Mkuu wa chuo wao alikuwa mmoja, na walisoma mji mmoja. Kama chuo ndicho kinachotengeneza kipato cha mhitimu, hawa watatu wangepaswa kufuata njia zinazokaribiana.

Du Pont alizaliwa katika ukoo uliokuwa ukitengeneza baruti tangu mwanzo wa karne ya 19. Mwaka 1902 yeye na binamu zake wawili, ambao nao walipitia MIT bila kumaliza, waliichukua kampuni ya ukoo na kuigeuza kuwa mojawapo ya kampuni kubwa za kemikali duniani. Mwaka 1920 akawa rais wa General Motors. Sloan hakuwa wa ukoo wa kitajiri wa namna hiyo, lakini baba yake alikuwa mfanyabiashara. Kampuni ndogo ya beringi aliyoajiriwa Sloan, iliyoitwa Hyatt, ilipokaribia kufa mwishoni mwa miaka ya 1890, baba yake na mshirika mmoja walitoa dola 5,000 ili kijana apewe nafasi ya kuifufua. Aliifufua kweli. Mwaka 1916 iliuzwa kwa dola milioni 13.5, na mwaka 1923 Sloan akamrithi du Pont katika uongozi wa General Motors. Shule ya usimamizi ya MIT leo ina jina lake.

Simwondolei Sloan sifa. Wapo vijana wengi waliopewa dola 5,000 na baba zao wakazimaliza kwa mwaka mmoja. Ninachosema ni kwamba dola zile hazikuwemo katika mtaala.

Taylor alizaliwa mwaka 1868 huko Wilmington, North Carolina. Baba yake, Henry Taylor, alikuwa seremala na mjenzi, mtoto wa bwana mzungu mwenye watumwa na mama mweusi. Kijana aliingia MIT mwaka 1888, na tasnifu yake ya mwisho ilikuwa mchoro wa makazi ya askari wazee wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo hicho, na anatambuliwa kuwa msanifu majengo mweusi wa kwanza mwenye shahada nchini Marekani. Katika Marekani ya 1892, kampuni ngapi za usanifu zingempa meza ya kuchorea? Huyu ndiye mfanyakazi wa Walker asiyeweza kuhama kwenda penye kazi nzuri, ijapokuwa sidhani kama Walker alimwona hivyo alipomkabidhi shahada yake.

Taylor alikwenda Alabama, kwa Booker T. Washington, katika chuo kingine binafsi cha ufundi: Tuskegee. Chuo hicho kilianza mwaka 1881 kwa fungu la dola 2,000 kwa mwaka kutoka jimboni, fedha za mishahara ya walimu tu, bila senti ya ardhi wala ya jengo. Wanafunzi walifyatua na kuchoma matofali wenyewe. Taylor akachora majengo, akafundisha uchoraji wa kiufundi, akasimamia ujenzi, na wanafunzi waliojifunza kwake ndio waliojenga madarasa ya wenzao. Kanisa la chuo, lililokamilika mwaka 1898, lilikuwa kazi yake; nyumba ya Washington mwenyewe pia. Mwaka 1911 MIT ilipoadhimisha miaka 50 ya hati yake ilimwalika azungumze, naye akaeleza namna mbinu na moyo wa kazi alivyovipata Boston vilivyopandikizwa Alabama. Ukiondoa miaka michache ya mwanzoni mwa karne, aliyokwenda kujaribu kazi Cleveland, maisha yake yote ya kazi yalikuwa Tuskegee. Alifariki Desemba 1942, baada ya kuanguka ndani ya kanisa lilelile alilolichora.

Tukichukua kipato cha du Pont, Sloan na Taylor tukatafuta wastani, tutapata mtu asiyekuwepo. Wanatakwimu wanalijua hilo, ndiyo maana hutumia mtu wa katikati: wapange wote kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha umsome aliyesimama katikati. Ni njia bora zaidi, na ndiyo iliyotumika mwaka 2015. Lakini mtu wa katikati naye anaficha jambo. Hatuambii kwa nini Taylor yuko upande ule wa mstari na Sloan upande huu.

Wazo la kumpa mhitimu bei lilipata umaarufu kupitia wenye viwanda wenyewe. Mwaka 1903 James Mapes Dodge, mwenye kiwanda wa Philadelphia na rais wa chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, aliwahutubia wenzake kuhusu thamani ya fedha ya mafunzo. Aliwalinganisha kibarua, kijana aliyejifunza kazini, aliyesoma shule ya ufundi na aliyesoma chuo cha teknolojia, kisha akaugeuza mshahara wa kila mmoja kuwa mtaji. Hesabu yake ni rahisi, nami naifafanua kwa mfano wangu. Mtu anayepata dola 10 kwa wiki, kwa wiki 50, anapata dola 500 kwa mwaka. Dola 500 ni riba ya asilimia 5 ya dola 10,000. Basi mtu huyo ana thamani ya dola 10,000, kama mashine au hisa. Mhitimu wa chuo, kwa hesabu hiyo, alikuwa na thamani ya vibarua kadhaa.

Hesabu za Dodge zilinukuliwa na kuigwa mno katika miaka iliyofuata, na si vigumu kuona sababu. Zilimpa mkuu wa chuo hoja ya kuombea fedha, zikampa mzazi sababu ya kulipa ada, na zikampa mwajiri lugha ya kumzungumzia kijana kama mali. Tangu hapo lugha hiyo haijatuacha. Tunaposema leo kwamba elimu ni uwekezaji, tunazungumza kwa kauli ya mwenye kiwanda wa 1903, hata kama hatujawahi kulisikia jina lake.

Pale MIT lugha hiyo ilipata sura rasmi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Chuo kilikuwa kimehamia majengo mapya ya Cambridge mwaka 1916, kwa msaada mkubwa wa George Eastman wa Kodak, aliyejificha kwa jina la Bwana Smith hadi Januari 1920. Fedha za kuendeshea zikapungua. Eastman akaahidi mamilioni mengine endapo chuo nacho kitachangisha, na hapo ukazaliwa mpango ambao kampuni zililipa ada ya mwaka ili zipate ushauri wa maprofesa, nafasi ya kutumia maktaba, na kumbukumbu za wahitimu wanaofaa kuajiriwa. Ile orodha ya zamani ya jina, kazi na mahali ikawa na mteja. Walimu fulani hawakulipenda jambo hili. Arthur Noyes, mkemia mkubwa aliyetaka sayansi ya msingi, alihamia California na kuwa mmoja wa wajenzi wa chuo tunachokijua leo kama Caltech.

Nirudi kwenye takwimu ya 2015. Zile dola 91,600 hazikuwa za wahitimu wote wa MIT. Zilihusu wanafunzi waliopokea mkopo au ruzuku ya serikali kuu, kwa sababu hao ndio ambao majina yao yangeweza kuoanishwa na kumbukumbu za kodi. Mtoto wa tajiri aliyelipiwa kila kitu na baba yake hakuhesabiwa. Tena walihesabiwa walioanza masomo, wawe walimaliza au hawakumaliza. Sisemi takwimu ni ya uongo. Ni takwimu nzuri ya kundi fulani, na watu wameigeuza kuwa sifa ya chuo kizima.

Kuna utafiti mmoja ambao naomba kila mzazi auelewe. Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha kazi waliyoifanya kwa busara kubwa. Waliwachukua vijana waliokubaliwa katika vyuo vyenye ushindani mkali, wakawalinganisha waliokwenda huko na wale waliokubaliwa lakini wakaamua kwenda vyuo vya kawaida. Kipato chao baadaye kilikaribiana sana. Yaani kijana mwenye uwezo na ari ya kuomba chuo kikubwa alibeba uwezo huo popote alipokwenda. Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema chuo hakina maana, na wapo wanaosema hivyo. Lakini walikuta jambo la pili: kwa vijana kutoka familia zenye kipato cha chini, chuo walichosoma kilileta tofauti. Katika kazi yao ya baadaye, iliyochapishwa mwaka 2014, jambo hilo lilionekana pia kwa vijana weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kusini, na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Mtoto wa tajiri anao mtandao wa baba yake. Asiye nao huupata chuoni, au haupati kabisa. Kwa hiyo anayestahili zaidi kuuliza swali la mshahara ni yule mzazi aliyeuza ng'ombe, na ndiye takwimu ya jumla inamsaidia kidogo zaidi.

Haya yote yangebaki habari za ng'ambo kama yasingetufikia mapema. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones na ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua shule. Ripoti yake ya 1925 ilipendekeza elimu ya mfano wa Hampton na Tuskegee: ufundi, kilimo, afya ya kijiji. Shule ya Jeanes pale Kabete, Kenya, iliyofunguliwa 1925, ilitokana na fikra hizo. Mfuko huohuo wa Phelps-Stokes ndio uliosaidia taasisi ya ufundi ya Kakata, Liberia, na aliyepelekwa kupanga ramani yake mwaka 1929 alikuwa Robert Taylor, akiwa na umri wa miaka 61.

Kilichoachwa nyuma katika kuuleta mfano wa Tuskegee kwetu ni habari za malipo. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, idadi inayokaribia ile 15 ya Boston. Ilikua, ikatoa madaktari, walimu na maofisa. Lakini Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, iliafiki kanuni kwamba asiye Mzungu akishika kazi ambayo kwa kawaida ni ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Msomaji wa historia ya Marekani atashtuka kuikuta sehemu hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo waliyoitumia waandishi wa katiba ya 1787 kuwahesabu watumwa. Kanuni ya kwetu iliondolewa baada ya Tume ya Lidbury, mwaka 1954. Hebu fikiria hazina ya takwimu kama ile ya 2015 ingekuwepo mwaka 1950. Ingeonyesha kwamba Makerere ni chuo hafifu kuliko vyuo vya Uingereza, kwa sababu wahitimu wake wanalipwa pungufu. Takwimu ingekuwa sahihi hadi senti ya mwisho.

Leo hatuna kanuni ya tatu kwa tano, ila tuna soko lenye milango yake. Mhitimu wa uhandisi mwenye mjomba katika kampuni ya ujenzi na mhitimu wa darasa hilohilo anayetembea na bahasha ya vyeti wanaingia katika wastani mmoja. Aidha, kipato kinachoonekana kwa serikali yetu ni cha aliye kwenye orodha ya mishahara: anayekatwa kodi, anayechangia mfuko wa hifadhi ya jamii, anayekatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi ya Mikopo. Aliyefungua karakana ya kuchomelea Gongo la Mboto, anayefunga umeme wa jua vijijini Singida, aliyerudi nyumbani akingoja, wote hao hawaonekani. Chuo kinachotangaza mishahara ya wahitimu wake walioajiriwa pekee kinatangaza ukweli wa watu wachache, na deni la mkopo ni la wote.

Kwa hiyo simshauri mzazi aache kuuliza. Aulize zaidi. Chuo kikimpa asilimia ya walioajiriwa, aulize ni asilimia ya waliopatikana kwa simu au ya wote walioanza mwaka wa kwanza. Kikimpa mshahara, aulize ni wa wangapi, na kama watoto wa watu kama yeye wamo. Mamlaka zinazosimamia vyuo nazo zisikubali takwimu ya chuo, cha umma au binafsi, isiyosema idadi ya wasiojulikana waliko. Idadi hiyo ndiyo ninayoingoja kwa hamu kuliko zote, kwa sababu wasiojulikana waliko ndio wenye habari tusizozitaka.

Wala kazi yenyewe haihitaji mradi wa wafadhili. Ofisi ya msajili ina majina, na majina yana namba za simu, nyingi zikiwa bado hai. Tuanze na ile orodha ya karne ya 19, jina, kazi, mahali, kwa darasa moja tu, tuseme la 2015, bila kuruka hata jina moja. Mshahara unaweza kuwa safu ya nne.